Tupeane uzoefu: kumzuia mwanafunzi wa sekondari asiache shule

Wakuu wa Dodoma na kanda ya kati, tuwekeeni hatua zinazofanya kazi. "Wazazi waelimishwe" tumeshaisikia sana.

Mwalimu wa malezi, Chamwino
Anza na daftari la mahudhurio. Mtoto haachi shule ghafla. Kwanza anakosa Jumatatu, halafu Ijumaa, halafu wiki nzima ya palizi. Akikosa siku 3, mwalimu wa darasa ampigie mzazi. Siku ya 5 mwenyekiti wa kitongoji afike nyumbani. Wiki ya 2 barua iwe kwa mtendaji wa kijiji, na nakala ibaki shuleni. Kusubiri siku 90 za utoro zitimie ndipo ahesabiwe kaacha shule ni kumpoteza: kijana atakuwa kashakwenda kuchunga mbali, binti kapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Na chukueni namba mbili za simu, ya mzazi na ya jirani, maana laini hubadilishwa kila mara.

Kamati ya chakula, Bahi
Mwalimu umegusa palizi. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya jembe, na ndiyo miezi ambayo ghala limekauka. Anayetembea kilomita 8 bila kitu tumboni hafiki Aprili. Kwa hiyo michango ya chakula ikusanywe Juni na Julai, watu wakiwa wametoka kuvuna. Kwa kande, piga gramu 150 za mahindi na 40 za maharage kwa mwanafunzi kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 29 na kilo 8 hivi. Asiye na mahindi alete kuni. Msimnyime sahani mtoto ambaye mzazi wake hajachanga, tafadhali sana! Aibu ile ndiyo inayomrudisha nyumbani moja kwa moja.

Mzazi, Kondoa
Na binti aliyejifungua?

Mwalimu wa malezi, Chamwino
Dada, anarudi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu, ndani ya miaka 2 tangu akatize masomo. Jina lake lisifutwe. Kabla hajaondoka, andikeni kwenye faili kidato alichoachia, mwezi wa kurudi na nani atabaki na mtoto. Hilo la mwisho ndilo hukwamisha wengi: bibi yuko shambani, mtoto ananyonya. Kaeni na familia mlimalize mapema.