Jeli yangu ya peptaidi inasoma umeme: ni peptaidi au ni maji?

BintiNyegezi: Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, nasoma shahada ya uzamili. Natengeneza jeli ya peptaidi, yaani vinyororo vifupi vya asidi amino ambavyo vikipata hali inayofaa hujipanga vyenyewe kuwa nyuzi nyembamba mno, nazo hunasa maji hadi yakaganda kama uji uliolala. Natumia Fmoc-FF, yaani asidi amino mbili za fenilalanini (ndiyo FF) zilizounganishwa na kundi la kemikali liitwalo Fmoc. Naiyeyusha kwenye maji yenye sodiamu haidroksaidi, natia glukono-delta-laktoni inayogeuka asidi polepole, na asubuhi nikipindua kichupa hakimwagiki kitu. Lengo ni elektrodi laini za kugusa neva, maana chuma ni kigumu kupita kiasi kwa ubongo.

Nilipochomeka sindano mbili, maltimita ilisoma. Nilifurahi sana jamani. Ila ukinzani unapanda huku naangalia. Nikaipaka kwenye kioo ikakauka: alfajiri inapitisha umeme, saa nane mchana haisomi kabisa. Bado wiki sita niwasilishe. Niandike kwamba peptaidi inapitisha umeme? Moyo unasita.

MzeeWaMaabara: Mwanangu, usiandike bado. Hesabu kilichomo kichupani: karibu chote ni maji, halafu sodiamu, halafu glukoneti itokanayo na laktoni yako. Hizo ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na zinapita katikati ya nyuzi kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Ukinzani unapanda kwa sababu maltimita inasukuma mkondo upande mmoja tu, ioni zinarundikana kwenye sindano. Pima kwa mkondo geu (AC), kwa masafa (frequency) tofauti tofauti. Na kabla ya yote, andaa kichupa cha pili chenye kila kitu isipokuwa peptaidi. Hicho ndicho kitakachokujibu, si sisi.

Kirumba_Mabondo: Dada, mimi nipo kwenye biashara ya samaki ila kemia niliisoma. Bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, limejaa kolajeni. Ukilichemsha taratibu unapata jelatini, na ikipoa inaganda. Nayo ni protini, nayo ni jeli. Ikisoma sawa na yako, si utajua kwamba wavu wowote unaoshika maji ya chumvi utafanya vile vile?

MzeeWaMaabara: Wazo zuri sana hilo, kijana. Ila bondo lina chumvi zake, kwa hiyo atafute jelatini safi, aitie sodiamu na glukoneti kwa kiasi kile kile.

Dk_Igoma: Niongezee kuhusu ile ya kioo. Alfajiri hewa ya ziwani ni nzito, utando unafyonza unyevu na protoni zinapata njia ya kurukaruka. Mchana unakauka, njia inafungwa. Weka kioo ndani ya chombo kinachofungwa vizuri pamoja na kikombe cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa maji kidogo, chembe zionekane hazijayeyuka zote. Kwa 25°C unyevu utatulia karibu 75%. Ukitumia magnesi kloridi utapata karibu 33%. Namba zikifuata unyevu, umeshajua nani anabeba umeme.

Na usivunjike moyo, mdogo wangu. Neva zenyewe huongea kwa ioni za sodiamu na potasiamu, kwa hiyo jeli laini inayopitisha ioni ina kazi yake. Hii familia ya FF ina historia nzuri pia: asili yake ni kipande cha beta-amiloidi, protini ya ugonjwa wa Alzheimer, na mwaka 2003 Reches na Gazit wa Israeli walionyesha FF ikijipanga yenyewe kuwa mirija. Ukitaka elektroni hasa, wengi huchanganya na polima inayopitisha elektroni kama PEDOT:PSS. Angalia tu, ile ni asidi kali. Ukiimwaga ghafla kwenye mchanganyiko wako peptaidi itaganda mabonge mabonge kabla laktoni haijafanya lolote.

BintiNyegezi: Nimetoka maabara sasa hivi. Kichupa kisicho na peptaidi kinasoma karibu sawa na chenye jeli. Nilikaa nje muda mrefu nikitazama ziwa. Asanteni, shikamoo Mzee. Nimefuta neno "peptaidi inayopitisha umeme" kwenye kichwa cha kazi, nimeandika "jeli ya peptaidi inayobeba ioni". Kesho naanza na chombo cha chumvi. Kuna mtu hapa Mwanza anajua duka lenye magnesi kloridi?