Mwingajini: tupeane uzoefu wa dawa yake

Ndugu zangu wa Malindi na Lamu, naomba tukusanye hapa tuliyoyaona wenyewe kuhusu mwingajini, kile kichaka cha maua ya manjano kiotacho penye vifusi na kando ya mashamba. Wataalamu huuita Senna occidentalis, na asili yake ni Amerika ya kitropiki, ingawa wazee wetu huuhesabu kuwa mti wa kwetu. Nyumbani Malindi majani yalipondwa na kupakwa penye choa, na mizizi ilichemshwa kwa mwenye homa. Choa nilikiona kikikauka. Ya homa siwezi kuyaapia, kwa sababu mgonjwa alikuwa akimeza pia vidonge vya hospitali.

Mkaazi wa Shela: Kwetu ulikuwa wa kufukizia. Bibi aliweka majani makavu juu ya makaa chetezoni, na mtoto asiyelala usiku akapitishwa juu ya moshi. Iwapo majini yalikimbia, Mungu ndiye ajuaye. Mbu, kwa harufu ile, walikimbia bila shaka.

Mkulima wa Gede: Ami yangu alizikaanga mbegu, akazitwanga na kuzipika pamoja na tangawizi kama kahawa, nami nilikunywa mara nyingi bila kudhurika. Hata hivyo, mbegu mbichi zina sumu. Ng'ombe na farasi waliolishwa mbegu hizo zikiwa zimechanganyika na nafaka huharibika misuli hadi wakashindwa kusimama, na huko Uttar Pradesh, India, madaktari waligundua kwamba watoto wadogo waliozila walishikwa ghafla na maradhi ya ini, misuli na ubongo, na wengi wao wakafa. Kwa hiyo mimi huing'oa miche yote iliyo karibu na uwanja wanapochezea watoto, kabla maganda hayajakomaa.

Mkaazi wa Shela: Ahsante, ami. Wapo pia wanaouchanganya na ndugu yake anayefanana naye, mwenye majani ya ncha butu. Ya mwingajini yamechongoka, na maganda yake ni bapa, ya kahawia, yenye kingo zilizopauka.

Mwanzishaji: Nashukuru kwa maelezo hayo. Waliowahi kunywa maji ya majani watueleze walipimiwa kiasi gani, maana majani hayo huendesha tumbo, na kwetu mama mjamzito hakupewa kamwe.