Waifai ya kuingia kwa jina la mtu: nibaki na programu ya Windows au niweke ya pembeni?

Fundi_Soweto (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Natunza kompyuta za chuo kidogo hapa Soweto, Moshi. Tuna laptopu 34. Mwezi uliopita tuliachana na nenosiri moja la wote, maana lilishafika mpaka kijiwe cha bodaboda getini. Sasa kila mtu anaingia kwa jina na nenosiri lake, seva ya RADIUS (inayohakiki majina na manenosiri) inakagua kwa EAP-TTLS, njia inayopitisha nenosiri ndani ya handaki lililofichwa kwa usimbaji.

Laptopu 25 zina Windows 10 na 11, zimeingia bila shida kwa programu iliyomo humo humo. Tisa ni za msaada, Windows 7, na hizo hata neno TTLS hazilionyeshi. Mbili nikaziwekea programu ya pembeni, ya mtengenezaji wa kadi ya waifai. Moja imetulia. Nyingine inashika dakika mbili, inaachia, inashika tena. Mwalimu wa hesabu kaniambia, "Mwanangu, mtandao wako unakuja na kwenda kama umeme wa juzi." Imeniuma, kwa sababu mabadiliko haya nimeyapigania mimi.

Je, niweke programu ya pembeni kwenye zote 34 ili zifanane?

Njiro_Net

Pole mkuu, na hongera kwa kuua lile nenosiri la wote.

Usiweke kwenye zote. Windows haikuwa na EAP-TTLS mpaka toleo la 8, mwaka 2012, ndiyo maana hizo tisa zinahitaji msaada wa nje. Zile 25 hazina upungufu wowote kwenye TTLS. Ukiziwekea programu ya pili unajiongezea kazi ya kuisasisha milele. Mwaka 2017 udhaifu wa KRACK kwenye ulinzi wa waifai (WPA2) ulipotangazwa, mwenye programu ya Windows alipata kiraka pamoja na masasisho ya kawaida. Mwenye za pembeni ilibidi azikague moja moja.

Hiyo inayoshika na kuachia, nahisi mtandao huo umehifadhiwa pande zote mbili, kwenye Windows na kwenye programu ya kadi, kila mmoja anavuta kwake. Ufute upande wa Windows. Ila usizime huduma ya WLAN AutoConfig, ile ya Windows inayoendesha waifai! Ushauri wa kuzima ni wa enzi za XP na huduma yake nyingine; kwenye 7 ukiizima, waifai yote inalala.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Fungua laptopu moja uangalie kama kile kisanduku cha kuhakiki seva kimewekwa tiki, jina la seva limeandikwa, na cheti mama (kile kinachothibitisha cheti cha seva) kilichochaguliwa ni chenu peke yake. Ndani ya TTLS mara nyingi kuna PAP, yaani nenosiri linasafiri wazi ndani ya handaki. Mtu akiwasha ruta hosteli ya jirani na kuipa jina la mtandao wenu, laptopu isiyohakiki itamkabidhi nenosiri la mwalimu mkononi. Hapo iwe programu ya ndani au ya nje, hasara ni ile ile.

Mama_Linux

Naongezea: Windows 7 iliachwa Januari 2020, haipati viraka. Hizo tisa mimi ningezitia Linux. wpa_supplicant, programu yake ya kuingia kwenye waifai, inaijua TTLS siku nyingi, hutafuti programu ya mtu. Wanaoandika barua na kufungua intaneti watazoea ndani ya wiki.

Fundi_Soweto (Moshi)

Nimerudi wakuu. Nimefuta ule mtandao uliohifadhiwa upande wa Windows, leo mwalimu kafundisha vipindi viwili bila kukatika. Asante sana Njiro.

Visanduku nimekagua vyote 25. Kumi na moja vilikuwa wazi. Watu walibonyeza "unganisha" tu na mimi sikuwepo. Nimevijaza kimoja kimoja mpaka saa mbili usiku.

Laptopu moja ikagoma baada ya kuhakiki. Jina sahihi, nenosiri sahihi, cheti kipo. Nikahangaika nusu saa, ndipo jicho likaangukia pembeni chini: tarehe ilikuwa ya 2012. Betri kubwa imechoka na ile ndogo ya saa imekufa, basi umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na cheti chetu kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Nimeweka betri mpya ya saa, CR2032 yenye vinyaya viwili, ikaingia mara moja.

Mama, Jumamosi naanza na laptopu mbili za Linux. Nianze na toleo gani kwa RAM ya GB 2?