Vita vya Kagera: nadharia ya uhalisia inatosha kuvieleza?

Mwanachuo_Dom:
Wakuu, heshima kwenu. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa tatu, na utafiti wangu ni kuhusu vita vyetu na Uganda, 1978–79. Msimamizi anataka nitumie nadharia ya uhalisia: madola hayana serikali juu yao, kila moja hujilinda lenyewe, maadili yanafuata nyuma. Kinachonisumbua ni kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa misimamo ya maadili. Waltz na Mearsheimer, wanazuoni wakubwa wa nadharia hiyo, watamwelezaje? Naomba msaada.

Kipanga:
Mkuu, mbona rahisi? Jeshi la jirani limevuka mpaka na kutangaza ardhi yako ni yake. Unapigana. Andika mizania ya nguvu, yaani kila dola huzuia jingine lisilizidi nguvu, umalize.

Mzee wa Minziro:
Mwanangu, jibu la Kipanga linaeleza kwa nini tulipigana. Halielezi kwa nini tulivamiwa, wala kwa nini tulifika Kampala, na hayo mawili ndiyo yenye uzito.

Mimi ni mzaliwa wa Minziro, kaskazini ya mto Kagera. Mpaka wetu na Uganda haufuati mto. Wakoloni walipiga mstari kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, kipande cha Tanzania kikabaki ng'ambo ya maji, tegemeo lake daraja la Kyaka. Jeshi la Amin liliingia mwisho wa Oktoba 1978 likaenda moja kwa moja hadi mtoni, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba mto ndio mpaka. Sisi tulikuwa tumeshavuka kwa mtumbwi, mama kambeba mdogo wangu mgongoni. Ng'ombe wetu hatukuwaona tena. Mtu akiniambia jiografia ni jambo dogo katika siasa za mataifa, simkubalii.

Sasa rudi 1971. Amin kampindua Obote, Mwalimu kampokea Obote na watu wake. Septemba 1972 wapiganaji hao wakaingia Uganda kutokea kwetu, wakashindwa. Oktoba yakafuata makubaliano ya Mogadishu: kila upande urudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani. Hofu ya Amin haikuwa ya kubuni. Inaniuma kuandika hivyo, lakini utafiti wako ukikwepa hilo utakuwa hotuba.

Ila hofu hiyo ilikuwepo miaka sita. Kwa nini avamie 1978? Hapo Waltz hakusaidii, maana nadharia yake haiingii ndani ya dola. Mwaka ule jeshi la Amin lilikuwa limegawanyika, makamu wake Mustafa Adrisi ameumia kwenye ajali ya gari, askari wengine wanaasi. Chunguza huko.

Kuhusu Kampala: Mwalimu aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi na Amin aache madai yake ya ardhi. Umoja ukahimiza usuluhishi, haukulaani. Ni umoja uleule uliopitisha Cairo, 1964, azimio la kuheshimu mipaka tuliyoirithi, na Mwalimu alikuwa mstari wa mbele kulipigania. Sasa nani angetuhakikishia Amin hatarudi? Hakuna. Hapo uhalisia unasema kweli tupu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Bint_Pemba:
Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, lakini naona unaibeba mno nadharia hiyo. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Mwaka 1968 tukaitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, tukagombana na Nigeria. Maslahi gani ya taifa hayo?

Mzee wa Minziro:
Marahaba mwanangu. Nakubali kabisa. Rhodesia haikupakana nasi, na fedha zile tulizihitaji. Mimi sisemi Mwalimu alikuwa mwanauhalisia. Nasema mwaka 1978 alikutana na hali ambayo mwanauhalisia na mtu wa maadili wangechukua njia moja hadi Mutukula, pale mpakani. Kuvuka Mutukula ndiko kunakobishaniwa: Julai 1979, mkutanoni Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi.

Mwanachuo_Dom:
Shikamoo mzee wangu. Kwa hiyo nimwache Waltz?

Mzee wa Minziro:
Marahaba. Usimwache, mwongeze Stephen Walt. Yeye anasema dola halipimi nguvu za jirani peke yake, linapima pia ukaribu, silaha za kushambulia na nia. Kenya tulifunga nayo mpaka 1977, lakini hatukuiona kama tulivyomwona Amin. Halafu sikiliza hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978: uwezo, sababu, nia. Anza sura ya kwanza na Mogadishu 1972. Gaddafi, aliyeleta askari wake kumwokoa Amin, mpe sura yake mwenyewe. Libya haikupakana na yeyote kati yetu, na Walt atapata tabu kidogo hapo.