Naomba ushauri: brauza ikikrashi nitume ripoti au niache?
Wakuu habari zenu, brauza ya simu yangu inajifunga yenyewe nikifungua kurasa zenye picha nyingi, afu ikirudi inauliza kama nitume ripoti. Natamani sana watengenezaji wairekebishe, ila ripoti inabeba aina ya simu, toleo la Android na vipande vya kumbukumbu ya programu, na humo anwani ya ukurasa au hata nilichokuwa naandika kinaweza kuwemo, na mimi benki naingilia humohumo jamani! Mozilla, watengenezaji wa brauza ya Firefox, ripoti zake wanaziweka hadharani lakini anwani za kurasa wanaona wenye ruhusa tu, hilo limenipa moyo kidogo. Nyie mnatuma zote au mmezima kabisa kwenye mipangilio? Na hali fiche (incognito) inasaidia chochote hapo?