Mchaichai na mrihani vimejaa barazani lakini mbu bado wanatumaliza, nakosea wapi? (Moshi)

MamaWawili_Pasua

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada hasa nyie wa Moshi na Arusha maana hali ya huku mnaijua. Nakaa Pasua, nyumba ya kupanga, nina mtoto wa miezi saba na mwingine wa miaka minne. Zile dawa za kuchoma za mviringo nimeziacha toka mdogo alipoanza kukohoa usiku, za kupuliza ndo sitaki hata kuzisikia maana mtoto anatambaa na kila anachookota anatia mdomoni. Nikasikia kuna mimea ukiipanda nyumbani mbu hawasogei, basi mwezi wa nane nikanunua vyungu, nikapanda mchaichai vyungu vinne, mrihani vitatu na rozimari kimoja, nimevipanga baraza yote mpaka chini ya dirisha la chumba cha watoto. Mimea imekubali kweli, namwagilia kila asubuhi, mchaichai umejaa mpaka majirani wanakuja kuchuma wa chai.

Lakini mbu ndo kwanza wamezidi!! Na mvua za vuli hata hazijaanza. Nikikaa na mtoto barazani kuanzia saa kumi jioni wanatung'ata miguuni, yani jua bado kali. Usiku tunalala kwenye chandarua hatuna shida sana, shida ni mchana na jioni. Niongeze vyungu? Au kuna mmea mwingine mkali zaidi? Mtoto mapaja yote vipele jamani.

Meku_Kihamba

Pole mwanangu na watoto. Mchaichai ni mzuri kwa chai, kwa mbu tafuta kivumbasi. Kile kichaka kinachofika kiunoni, majani ya kijani cha kijivu hivi yana manyoya laini, ukikifikicha kinanukia kafuri mpaka pua inafunguka. Huku Marangu kila kihamba, yani shamba la nyumbani, kilikuwa nacho karibu na mlango. Hata jina lake la kitaalamu lina Kilimanjaro ndani yake, Ocimum kilimandscharicum, ni ndugu wa huo mrihani wako.

Lakini sikiliza, hakikufukuzi mbu kwa kusimama tu. Marehemu mama yangu ikifika saa kumi na mbili jioni alikuwa anakata matawi matatu manne, anayafikicha kwa viganja mpaka mikono inakuwa ya kijani, anasugua fremu ya dirisha na mlango, afu mengine anayaning'iniza juu ya kitanda. Yaliyobaki anaweka juu ya makaa yanayoelekea kuzimika, sio moto unaowaka, anaacha moshi mwembamba unapita chumbani robo saa ndo anafungua mlango. Hapo ndo watoto tunaingia kulala. Asubuhi matawi yamenyauka anakata mengine. Kila siku hivo hivo, masika na vuli.

chalii_wa_Sakina

Shikamoo Meku. Dada mimi niko Arusha na nakuomba kitu kimoja, usiongeze hela kwenye vyungu kabla hujajua. Mwaka jana nilinunua kwa muuza miche mmoja wa barabarani kitu anakiita "mti wa mbu", ni yale majani yaliyochanika chanika yana harufu ya limao, shilingi elfu kumi na tano mche mmoja, nikachukua miwili. Aliniapia kabisa weka kimoja sebuleni kimoja chumbani umemaliza. Siku ya tatu nikamuona mbu ametua juu ya jani lenyewe!! Amekaa tuli. Iliniuma sana maana ile hela ilikuwa ya matumizi ya nyumbani. Baadae nikaja kujua kumbe ule mmea umeshapimwa nje huko na haufukuzi mbu ukiwa umesimama kwenye chungu.

Mkamata_Mbu

Dada wa Pasua, kabla ya mmea wowote naomba unijibu maswali mawili. La kwanza, hao mbu wa saa kumi wakoje, ni weusi wana madoa meupe miguuni kama wamevaa soksi za mistari? La pili, chini ya vyungu vyako kuna visahani?

Nauliza kwa sababu nimefanya kazi ya kukusanya mbu miaka kadhaa huku tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kata, kumwaga kwenye bakuli jeupe na kuhesabu viluwiluwi. Mbu wa mpunga, Anofelesi, anauma jioni sana na usiku, ndo wa malaria. Mbu anayeuma jua likiwaka na akaenda miguuni, mara nyingi ni Aedesi, na huyo hazaliwi mpungani, anazaliwa kwenye maji kidogo masafi ya nyumbani. Tairi, kopo, ndoo iliyosahaulika, kifuniko cha pipa, gata iliyoziba, kisahani cha chungu. Kijiko kadhaa cha maji kinamtosha. Huyo ndo anaeneza homa ya dengue iliyosumbua Dar 2014 na tena 2019, ndo maana simchukulii poa hata kama mkoa wetu malaria ni kidogo ukilinganisha na wenzetu wa ziwa.

Mvua hazijaanza umesema, sasa maji wamepata wapi? Wewe unamwagilia kila asubuhi. Yai mpaka mbu anayeruka, kwa joto la Moshi ya chini, ni kama wiki moja hadi mbili tu.

Fanya hivi leo. Chukua bakuli jeupe, mwagia maji ya visahani vyote, weka juani dakika mbili yatulie. Ukiona vidudu vinaning'inia kichwa chini mkia umegusa uso wa maji, na kivuli chako kikipita vinazama kwa kujikunja kunja, umepata jibu. Vikiwa vimelala bapa sambamba na uso wa maji hao ni Anofelesi, ila sidhani.

Kuhusu mimea yenyewe Meku yuko sahihi kabisa. Harufu inayofukuza mbu ni mafuta, na mafuta yamefungiwa ndani ya jani kwenye vifuko vidogo sana, jani lisipovunjwa au kupashwa moto yanatoka kidogo mno. Magharibi ya Kenya walijaribu kuweka vyungu vya jamii ya mrihani na mingine ikiwa mizima bila kuikata, mbu walipungua kama theluthi hivi. Sio sifuri, ila theluthi mbili bado wanakuuma, na hapo ni chungu kiko karibu kabisa na sehemu wanapoingilia. Kuna utafiti mwingine wa hapa hapa Tanzania ulitoka 2011, nyumba zilizopandwa Lantana kuzunguka kuta zilikutwa na mbu pungufu kama nusu. Huo ni ukuta mzima wa mimea sio vyungu nane.

MamaWawili_Pasua

Nimerudi. Mikono inanitetemeka hata kuandika. Nimefanya kama ulivyosema kaka, vyungu nane vyote vina visahani, nilinunua seti moja. Nimemwagia kwenye beseni jeupe la mtoto. Wamo. Wengi siwezi hata kuhesabu, vinaning'inia kichwa chini mkia juu, nikiinamisha kichwa vinazama vyote kwa pamoja vinajinyonga nyonga. Na vingine vimejikunja kama alama ya koma vinaruka ruka. Kisahani chenye vingi kuliko vyote ni cha chini ya dirisha la watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa namwagilia mpaka kinajaa nikijua mmea utanywa. Na mbu wenyewe ni hao hao wa miguu ya mistari, nimemuua mmoja nikamuangalia.

Sasa nifanyeje? Nitupe mimea?

Mkamata_Mbu

Usitupe kitu dada, na usijilaumu, hicho kitu nimekikuta hata kwenye nyumba za watu wanaofanya kazi hii. Hivyo vya alama ya koma ni hatua ya mwisho, vilikuwa vinaruka kesho au keshokutwa, kwa hiyo umewahi.

Maji yamwage juani kwenye udongo mkavu, sio kwenye mtaro. Afu hapa ndo wengi wanakosea: usiishie kumwaga. Huyu mbu anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia, na mayai yanakaa makavu miezi yanasubiri. Ukimwaga leo ukajaza wiki ijayo yanaanguliwa. Sugua visahani kwa brashi na sabuni, ndani yote, hasa ule mstari wa uchafu pembeni. Baada ya hapo ama viondoe kabisa uweke vyungu juu ya matofali, ama vijaze mchanga mpaka juu, maji yanaingia mchangani mbu hapati pa kutagia. Alafu zunguka nyumba nzima, pipa la maji funika au funga chandarua kilichochakaa kwa mpira, na muombe jirani azunguke kwake maana mbu hawajui uzio. Rudia kila wiki siku moja, sema jumamosi.

Walioko hewani tayari wataishi wiki mbili tatu bado, usikate tamaa siku ya nne.

mfugaji_UsaRiver

Naomba niongezee kwenye hiyo Lantana kabla watu hawajakimbilia kupanda. Ni ile ya maua madogo madogo ya njano na pinki kwenye kichwa kimoja, inauzwa kama ua la uzio. Ni sumu kwa mifugo. Nilikuwa na mbuzi jike alikula kipindi cha kiangazi majani mengine yameisha, macho yakawa ya njano, ngozi ya pua na masikio ikababuka juani, siku ya tano akafa na mimba yake. Na ikishaingia kwenye malisho haing'oki, ndege wanabeba mbegu. Mwenye mbuzi au ng'ombe asiipande, na mwenye mtoto anayetambaa na kula kila kitu kama mtoa mada asiipande pia, zile tunda mbichi ni hatari. Kivumbasi mbuzi wangu hata hawakinusi.

Dada_wa_Dawa_Njiro

Mama, kwa kuwa una mtoto mchanga, neno moja kuhusu mafuta. Najua kuna mtu atakwambia kamua mchaichai umpake mtoto. Usimpake. Mafuta ya mimea yakiwa makali yanaunguza ngozi ya mtoto, na hata kwa mtu mzima ya mchaichai yanapeperuka ndani ya saa moja mbili inabidi upake tena. Yanayodumu zaidi ni yale yanayotokana na mkaratusi wenye harufu ya limao, ila hayo nayo hayapakwi watoto chini ya miaka mitatu, kwa hiyo wa miaka minne anaweza, wa miezi saba hapana. Yeye mvalishe soksi na suruali nyepesi ya rangi ya mwanga jioni, na mchana akilala mtandikie chandarua kile kidogo cha mwavuli. Na moshi wa kivumbasi sawa, ila mtoto asiwe ndani, Meku kaeleza vizuri hapo juu, chumba kifunguliwe kwanza. Moshi ni moshi hata ukinukia, na umesema anakohoa.

chalii_wa_Sakina

Kaka Mkamata Mbu na pareto je? Nimesikia ndo yenyewe kabisa.

Mkamata_Mbu

Pareto ni kweli inaua, ile inayolimwa Iringa na Mbeya, na dawa za kwenye vyandarua vyetu zimetengenezwa kwa kuiga sumu yake. Ila sumu iko kwenye ua, lazima likaushwe na kusagwa. Ukiipanda bustanini utakuwa na maua meupe mazuri tu.

MamaWawili_Pasua

Narudi kutoa mrejesho, leo siku ya kumi na nane. Vyungu viko juu ya matofali, visahani vinne nimejaza mchanga vingine nimempa fundi anachanganyia rangi. Jirani tumepita naye uwanja wote, tumetoa makopo kumi na moja na tairi moja la bodaboda nyuma ya choo lilikuwa limejaa maji ya kufulia, humo ndo walikuwa balaa. Wiki ya kwanza sikuona tofauti nikawa nimevunjika moyo, ila toka juzi nimekaa barazani mpaka saa kumi na mbili mtoto yuko mapajani, ameumwa mara moja tu. Vipele vinakauka. Mchaichai nauchuma jioni nafikicha na kuupaka kwenye miguu ya kiti changu, sijui ndo unasaidia au la ila napenda harufu. Aika sana Meku, na kaka na dada wote Mungu awabariki. Meku kivumbasi nimekikosa soko la Mbuyuni, nakipataje?

Meku_Kihamba

Hakiuzwi sana mwanangu, watu wanapeana. Uliza kinamama wanaoshusha ndizi toka mlimani, waambie wakuletee tawi. Likija chagua lisilo na maua, kata urefu wa kalamu chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye unyevu kivulini, wiki mbili tatu litakuwa limeshika. Na kama una mgomba karibu na dirisha, au magimbi, chungulia pale jani linapokutana na shina baada ya mvua, panatuama maji na hao wa mistari wanapapenda. Makavu yanayoning'inia yakate.

MamaWawili_Pasua

Mgomba upo, wa mwenye nyumba, nyuma ya jiko. Kesho asubuhi naenda kuuangalia na tochi.