Kaboni iliyomo ndani ya mti hupimwaje bila kuukata?

Mwalimu wa Kasarani:
Hamjambo wanajukwaa. Jumamosi niliwapeleka wanafunzi wangu wa Jiografia katika msitu wa Karura, na mmoja wao, akiwa ameukumbatia mti wa muhugu, akaniuliza wataalamu wanajuaje kiasi cha kaboni kilichomo ndani yake ilhali hakuna anayeukata na kuuweka kwenye mizani. Nilishindwa kumjibu. Naomba pia kuelezwa kwa nini hesabu hiyo iwashughulishe wachunguzi wa tabianchi.

Mpima Miti:
Mwalimu, tunauzungushia mti utepe mita 1.3 kutoka ardhini, tunagawa mzingo kwa pai ili tupate kipenyo, kisha kipenyo hicho, pamoja na kimo na uzito wa kila sentimita ya ujazo ya mbao ya aina hiyo ya mti, tunavitia katika fomyula. Fomyula zenyewe zilitokana na miti iliyokatwa kweli, ikakaushwa na kupimwa, kwa hiyo mizani ilitumika ingawa si kwa mti wenu. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukiizidisha kwa 44 na kugawa kwa 12, unapata uzito wa hewa ya ukaa ambayo mti uliivuta. Mizizi nayo hukadiriwa, na udongo huchimbwa na kupelekwa maabara ili kaboni yake ipimwe.

Mtafiti wa Muguga:
Niongeze jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi. Kipimo cha mara moja hueleza akiba ya kaboni tu. Uhusiano na tabianchi huonekana mti uleule unapopimwa mahali palepale mwaka baada ya mwaka, kwani ndipo tunapojua umevuta hewa ya ukaa kiasi gani kila mwaka. Ulaya, baridi husimamisha ukuaji na mti huacha pete moja ndani ya shina kila mwaka, lakini kwetu, penye masika na vuli, pete mara nyingi hazisomeki vizuri. Ndiyo maana tunaufunga mti ukanda wa chuma wenye springi, ambao hutanuka shina linaponenepa, na wakati wa kiangazi kikali huweza hata kulegea kidogo kwa kuwa shina limepoteza maji. Serikali ya Kenya inalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mimi naamini kwa dhati kwamba miche isiyorudiwa kupimwa haitatueleza lolote kuhusu hewa ya ukaa.

Mwalimu wa Kasarani:
Nawashukuru sana. Nyuma ya darasa letu pana mgrivea. Jumatatu tutauzungushia utepe wa fundi cherehani, tutie alama ya rangi pale tulipopimia, na wanafunzi wa darasa la chini zaidi ndio watakaolitunza daftari, kwa sababu bado wana miaka kadhaa shuleni.